Mama Mkwe na Jiko Lisilo na Ukuta

Jumamosi, 16 Novemba

Nimerudi kutoka kwa Ndesanjo, jirani yetu wa geti la tatu. Alituita tukaone jiko lake jipya. Halina ukuta! Ukikaa sebuleni unamwona mpishi, na mpishi anakuona. Katikati kuna kaunta kubwa imesimama peke yake. Anaiita kisiwa. Alisimama nyuma yake kama mchungaji madhabahuni, akatueleza kwamba majiko ya kufungiwa ni mambo ya zamani. Aliposema "ya zamani" alinitazama mimi. Nilikula sambusa nne kwa hasira.

Jiko letu ni chumba cha hatua nne kwa tatu. Mlango mmoja. Friji iko koridoni. Aibu!

Jumapili ya wiki ijayo binti yetu Irine anapata kipaimara. Mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu Tabitha, anakuja Alhamisi kutoka Akheri kupika. Tuna miaka sita hapa Njiro na hajawahi kulala kwetu hata siku moja. Leo Tabitha amesema anataka kitu kimoja tu: mama yake akae kwa raha mpaka Jumapili. Nimemwambia aniachie mimi. Alionekana kuingiwa na wasiwasi, sijui kwa nini.

Jumatatu, 18 Novemba

Tabitha yuko semina Moshi hadi keshokutwa. Fundi Lesian amekuja asubuhi na nyundo kubwa. Nikampa mchoro, nimeuchora nyuma ya kadi ya mwaliko. Akauliza nimepima kwa kutumia nini. Kwa hatua. Akatazama miguu yangu kwa muda.

Kabla ya kupiga nyundo aliuliza nani atapika humu. Mama mkwe, nikasema. Akauliza mimi nitakuwa nakaa wapi. Sebuleni, kwenye kochi langu. Akaiweka nyundo chini. Akasema kwao Kisongo mama mkwe hali chakula huku mkwewe anamtazama, wala hawapishani karibu karibu, na anavyojua yeye hata kwetu Wameru ni hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba hapa ni Njiro. Mambo hayo tumeyaacha mlimani. Akasema nyumba ni yangu.

Saa sita mchana ukuta ulikuwa chini. Mwanga ulioingia! Nimeona buibui ambao sikujua tunaishi nao.

Jumatano, 20 Novemba

Kisiwa kimefika. Cha Ndesanjo kina mita mbili. Changu mita mbili na nusu! Hakikupita mlango wa mbele. Ikabidi Lesian ang'oe nondo za dirisha la juu ya sinki, tukakiingiza kwa huko.

Dosari ndogo ndogo. Kati ya kisiwa na sinki imebaki njia ya sentimita arobaini na tano. Napita kwa ubavu, nikiwa sijala. Friji nimeiingiza kona ya ndani kabisa, mwisho wa njia hiyo. Mlango wake unafunguka nusu, halafu unagonga kisiwa. Pakiti ya maziwa inatoka. Sufuria haitoki. Lesian ameshauri tukate kisiwa nusu mita. Tukate! Halafu nilingane na Ndesanjo?

Tabitha amerudi jioni. Akasimama mlangoni na begi lake. Akauliza ukuta uko wapi. Nikamwambia uko nje, kwenye kifusi. Akauliza mama atapikia wapi. Nikamwonyesha kisiwa kwa mikono miwili. Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Alhamisi, 21 Novemba

Mama mkwe amefika na mikungu miwili ya ndizi, sufuria lake mwenyewe na mwiko wa urefu wa mkono wangu. Shikamoo yangu ameipokea kwa mbali, uso pembeni, kama ilivyo desturi. Kisha akamuuliza Tabitha jikoni ni wapi. Tabitha akamwambia ndipo aliposimama.

Amekaa kutwa amenipa mgongo. Chai hakunywa. Chakula cha mchana hakugusa. Mimi nilikuwa kwenye kochi langu, mita tatu kutoka kwake. Ili kumsaidia nikajifunika uso kwa gazeti. Saa nne nzima! Nimesoma hadi matangazo ya zabuni. Bado hakula.

Tabitha ameniambia mama anataka kurudi Akheri. Nikauliza kama amekasirika. Akasema hana hasira, ana njaa. Nikauliza kwa nini basi mimi nisitoke. Akasema ndilo jambo alilokuwa ananikonyezea tangu asubuhi. Nilidhani ana vumbi jichoni.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku mbaya. Naandika nimelalia tumbo.

Asubuhi nilijipenyeza hadi kwenye friji kuchukua maziwa, ili niondoke mapema nimwachie mama mkwe nafasi. Nilikuwa nimechuchumaa kule konani nilipomsikia anaingia. Alimuuliza Tabitha kama nimetoka. Tabitha, ambaye hakuwa ameniona, akasema ndiyo, akaenda zake kazini. Mama mkwe akaweka kigoda kwenye mdomo wa ile njia, akanipa mgongo bila kujua, akaanza kumenya ndizi.

Kupita haikuwezekana bila kumgusa. Kumgusa haiwezekani kabisa! Nikafikiria kukohoa. Bahati mbaya akaanza kuomba kwa sauti. Alimwombea Irine. Alimwombea Tabitha, Mungu ampe uvumilivu. Akaeleza ni uvumilivu wa nini, kwa kunitaja jina, tena kwa kirefu. Sasa hapo mtu unakohoaje?

Mkungu wa kwanza uliisha. Miguu yangu ilikufa ganzi. Alipoanza wa pili nikaamua: dirisha! Nondo zilikuwa bado hazijarudishwa. Nikapanda juu ya sinki taratibu. Goti likafungua bomba. Mama mkwe akageuka. Mimi na Tabitha tuna miaka kumi na sita ya ndoa na mama yake hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Leo amenisemesha. Alisema nifunge bomba.

Nikaangukia kifusi. Aliyeniokota ni Ndesanjo. Alikuwa amesikia kisiwa changu kimezidi chake, akaja kukiona. Nikamwambia nilikuwa napima hewa.

Mama mkwe amefunga mizigo. Tabitha amesema mama akiondoka, mimi ndiye nitakayemweleza Irine. Nimeumia. Mtoto amekuwa akihesabu siku za bibi yake kuja. Lazima nitengeneze jambo.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimelitengeneza. Saa tatu asubuhi Lesian ameweka ukuta wa plaiwudi. Yeye alitaka uzibe wote. Mimi nikasema tuache tundu la kupitishia sahani, ni la kisasa. Nilipima mwenyewe urefu wake kutoka sakafuni, nikiwa nimekaa kwenye kochi. Kumbe mama mkwe naye hupika amekaa! Kila nikiinua macho, uso wake upo katikati ya tundu kama picha ya ukutani. Akatundika kitenge. Kitenge kikashika moto kidogo.

Basi Lesian, bila kuniuliza, akatoka nje akachagua matofali matatu mazima kwenye kifusi. Akayapanga nyuma ya nyumba, akafunga turubai juu. Mama mkwe akahamisha sufuria lake huko. Baada ya robo saa nilisikia mtu anacheka. Ni yeye! Amekunywa vikombe vitatu vya chai. Amefungua mizigo. Tabitha amemshika Lesian mkono kwa muda mrefu. Mimi amenipa ufagio.

Jumapili, 24 Novemba

Irine amebarikiwa. Gauni jeupe, sauti haikutetemeka hata kidogo aliposimama mbele. Nililia, na sioni haya.

Wageni wote walikaa nyuma ya nyumba, kwenye moshi. Machalari, zile ndizi zake mama mkwe alizopika na nyama, yaliisha saa nane. Ndesanjo alirudia sahani mara mbili, akamuuliza Lesian kama anaweza kumpangia na yeye matofali matatu. Juu ya kisiwa changu waliweka kreti za soda na mabegi ya kinamama.

Jioni mama mkwe amenitumia ujumbe kupitia Tabitha. Anashukuru kwamba nilivunja ukuta, maana matofali yake yanatunza moto vizuri. Atarudi Krismasi. Atakaa wiki mbili! Irine ameruka juu kwa furaha. Tabitha amenitazama kwa upole kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimetafakari sana. Kumbe tatizo halikuwa jiko. Bafu!

Bafu letu lina giza. Limepakana na chumba cha wageni, atakacholala mama mkwe, na pia na korido, ninapopita mimi. Kuta pande zote mbili! Nimeona mahali wameweka vioo vitupu badala ya kuta, mwanga unapita moja kwa moja. Ndesanjo hana.

Nimempigia Lesian. Akauliza nani ataoga humo. Nikamwambia. Simu ikakatika. Mtandao wa Kisongo hauaminiki.

Si neno. Nimeshapima kwa hatua.