Mwenye Ndovu wa Salaita

Siku uwindaji ulipopigwa marufuku, wenye bunduki walilia, wauza vinyago vya pembe walilia, lakini hakuna aliyelia kama Phineas wa Voi. Bangili za mkia wa ndovu alizowauzia watalii pale stesheni kwa miaka minne zilikuwa, kusema kweli, za mkia wa ng'ombe wa bucha. Lakini jambo kama hilo utamweleza vipi askari? "Afande, niachilie, mimi si jangili, ni mwongo tu"? Phineas alizitumbukiza zote chooni, akabaki na vitu viwili duniani: ulimi wake, na pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa aliyoipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu.

Hakukaa na huzuni muda mrefu. Wiki iliyofuata bwana mmoja wa kaunda suti alisimama barazani akatangaza: "Wananchi, wanyama hawa ni mali yenu! Watunzeni, na mtalii akija, ninyi ndio mtakaokula!" Watu wakapiga makofi, wakaenda zao kunywa chai. Phineas alibaki amesimama peke yake uwanjani kama mtu aliyeteremshiwa ufunuo. Mali ya wananchi! Basi ikiwa ni mali, inauzika. Na ikiwa inauzika, lazima awepo muuzaji.

Jioni ile alichonga muhuri kwenye kisigino cha ndara ya mpira. Alichonga ndovu, ingawa ulipogonga karatasi alitokea kama nguruwe mwenye mafua.

Alichagua Salaita, kule karibu na Taveta, kwa sababu mbili: ndovu walipita pale kila wiki wakienda kunywa maji, na hapakuwa na mtu aliyemjua. Akasimama nyuma ya pikapu yake mbele ya kinu cha posho, akakohoa kidogo kama mchungaji, akaanza:

Ndovu wako akipita,
na mgeni akisita,
picha moja akipata,
we wapata bila jembe!

Hilo neno la mwisho lilifanya kazi kubwa. Watu wa Salaita walikuwa wameshika jembe tangu alfajiri.

"Ndovu mmoja, mbuzi mmoja," alieleza Phineas. "Mtalii akimpiga picha ndovu wako, malipo ni yako. Kampuni itakusanya, kampuni italeta."

"Nikimnunua," akauliza Makau, ambaye alikuwa na mbuzi sita na njaa ya kumi, "nitamlisha?"

"Anajilisha."

"Nitamchunga?"

"Anajichunga."

"Na akizaa?"

Phineas aliinama, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Ndama ni wako, ndugu yangu. Bure."

Makau akakimbia kuleta mbuzi wa pili.

Mama mmoja mjane, Syombua, mkulima wa mahindi na mrina asali, alikuwa amesimama kando na mikono kiunoni. "Na nikipewa mkorofi, baba? Wa kuvunja ua?"

"Mama yangu, kampuni yangu iuze mkorofi? Haya, naandika." Akaandika kwenye cheti cha Syombua: *Ana pembe moja. Mpole. Hali shamba la mtu.* Akagonga muhuri, pa! Basi kila mtu akataka chake kiandikwe hivyo hivyo, naye Phineas akaandika *mpole* na *hali shamba la mtu* mara ishirini na tatu, hadi mkono ukamuuma. Hata Mzee Hudson, mzee wa mtaa, mstaafu wa reli aliyekuwa bado akivaa kofia yake ya stesheni, alinunua dume lenye masikio mapana.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, ukoo mzima wa mbuzi wale ulikuwa supu mjini Voi, na pikapu ilikuwa imevaa matairi manne mapya. Phineas aliyapangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Wiki tatu baadaye dereva wa lori akamletea barua. *Mheshimiwa Kampuni,* aliandika Syombua, *ndovu uliotuuzia wametupendeza sana. Tunataka wengine. Mbuzi thelathini wako tayari. Njoo upesi.*

Kanuni ya kwanza ya kazi ya Phineas ilikuwa kutorudi mahali alipokwisha kula. Aliikumbuka vizuri. Aliikumbuka alipopita Mwatate, akaikumbuka tena alipopita Maktau, na alipofika Salaita alikuwa bado anaikumbuka. Lakini mbuzi thelathini walikuwa kweli wamefungwa pale kinuni, wanene, wanatafuna.

Akapewa kiti. Akaletewa asali kwenye kibuyu. Watu wote walikuwa na adabu ya msibani.

"Kabla hatujanunua, mwanangu," akasema Mzee Hudson, akirekebisha kofia, "kuna jambo dogo. Sisi tuna ndovu ishirini na watatu. Hao wengine wote wanaopita hapa ni wa nani?"

Phineas aliwatazama mbuzi. "Ni wa kampuni, mzee."

"Na kampuni ni nani?"

"Ni mimi. Ndovu ambaye hana cheti, kuanzia hapa hadi Voi, ni wangu."

"Hatuna elimu," akasema Syombua kwa unyenyekevu. "Tuandikie."

Akaandika, akatia sahihi, akagonga. Pa!

Syombua akaikunja karatasi polepole, akaitia kifuani. "Sasa nifuate, mwenye ndovu."

Nyuma ya kinu mahindi yalikuwa yamelala. Shamba la Syombua, la Makau, la Mzee Hudson, hadi kule bondeni: mabua yamekanyagwa, mahindi mabichi yametafunwa, na katikati vimeachwa vinyesi vikubwa kama mapipa. Chakula cha mwaka mzima.

"Juzi," alisema Syombua. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Wangu hakuwamo. Wangu ni mpole, hali shamba la mtu. Umeandika."

"Na wangu," akasema Makau, akiinua vyeti viwili.

"Na wangu," wakasema wengine.

"Kwa hiyo waliokula ni wako," akahitimisha Mzee Hudson. "Na hapa kwetu mnyama akila shamba, tunamfunga hadi mwenyewe alipe. Ndovu hafungiki." Akageuza macho kinuni. "Gari linafungika."

Phineas alirudi mbio. Pikapu yake ilikuwa imekaa juu ya mawe kama kuku anayelalia mayai, na matairi yote manne hayakuwepo.

"Sikilizeni!" alipiga ukelele. "Hawa ndovu si wangu! Sina kampuni! Nilidanganya!"

"Ala!" Mzee Hudson alionekana kushtuka kweli. "Kwa hiyo ulichukua mbuzi wetu kwa uongo? Hiyo basi ni kesi nyingine. Askari yuko Taveta, si mbali. Chagua, mwanangu: wewe ni mwizi wa mbuzi, au ni mwenye ndovu?"

Phineas alitazama barabara ya Taveta. Akaitazama pikapu.

"Ndovu ni wangu," alisema.

Ndivyo mradi wa Salaita ulivyoanza. Matairi yalirudishwa, lakini ufunguo ukabaki shingoni mwa Syombua. Pikapu ikatandikwa mikeka, ikawa inawapokea watalii barabara kuu na kuwapandisha kilima cha Salaita wakatazame ndovu wakinywa maji. Syombua aliwauzia asali. Kilichopatikana kilinunua unga mwaka ule, na mbegu mwaka uliofuata. Makau, aliyekuwa na upinde wake wa kuwindia darini, aliukata ukawa kuni; alisema ndovu aliye hai anamlisha mara nyingi zaidi. Na kazi ya kueleza wageni habari za ndovu alipewa Phineas na ulimi wake, kwa chakula na malazi, hadi yale mahindi yatakapolipwa yote.

Wanawake wakipalilia walimwimbia:

Ndovu wako amepita,
mahindi ameyafuta,
na sisi tunakuita,
njoo sasa shika jembe!

Siku moja Mzungu mmoja, mwenye kofia pana na Kiswahili cha kitabuni, alishusha darubini yake kwa mshangao. "Ni wazuri mno! Bwana, hawa ndovu ni mali ya nani?"

Phineas alifungua mdomo. Chini kule, jike kubwa lilikuwa limetoka majini, linageuka taratibu, linanusa upepo uliotoka shambani kwa Makau.

Akatupa fimbo yake ya kuwaonyeshea wageni, akanyakua debe na rungu, akaporomoka kilimani akilipigapiga.

"Wangu!" alipiga kelele bila kugeuka. "Wote wangu! Toka wewe! Toka kwenye mahindi, utaniua kwa deni!"