Wati Thelathini za Mgeni Rasmi

Itangazwe kwa walio mjini na walio njiani, kwa wenye ofisi na wenye shida za ofisi, ya kwamba Ofisi ya Ufuatiliaji wa Ufuatiliaji, Tawi la Manyara, imepata swichi. Si swichi ya taa, ambayo hata banda la kuku pale Nangara linayo. Ni swichi ya mtandao, tena erevu, yenye matundu manane, ambayo kwa waya mmoja mwembamba huipa simu ya mezani maneno na umeme kwa pamoja. Simu ikichomekwa hapo haihitaji tena soketi ya ukutani, wala chaja, wala dua.

Ofisi hii, kwa asiyeijua, hufuatilia kama mambo yanayofuatiliwa yanafuatiliwa. Ilianzishwa mkoa ulipokuwa mpya. Na kwa kuwa mkoa bado unaitwa mpya, ofisi nayo haijaona sababu ya kuharakisha.

Mkuu wake alikuwa Bwana Abdulsalam. Au tuseme, kwa usahihi uliomchoma yeye mwenyewe, Kaimu Mkuu. Alianza kukaimu ndevu zake zikiwa nyeusi, na sasa zilikuwa nyeupe kama pamba ya sanda. Msikitini, imamu alipopatwa na homa, wazee walimsogeza mbele wakinong'ona, "Mwacheni atusalishe, kukaimu ndiyo fani yake." Hata mkewe, Bi Siti, alimwambia siku moja akimmiminia chai, "Baba Najma, naogopa. Isije siku nikaambiwa na mimi nilikuwa mke kaimu."

Hakucheka. Alilitaka neno lile litoke mbele ya jina lake kabla jina halijachorwa kwenye ubao wa kaburi. Na sasa, alhamdulillahi, njia ilikuwa imefunguka: Mkurugenzi Mkuu, Dakta Elibariki, angekuja kutoka Dodoma kuizindua swichi, na ilisemekana kwamba uzinduzi ukipendeza, angemthibitisha Bwana Abdulsalam papo hapo, mbele ya kwaya.

Lakini kifaa hakizinduliwi kabla ya kufanyiwa tathmini. Bwana Abdulsalam aliunda kamati, akajiteua mwenyekiti, akamwita mhasibu wake Romana, ambaye mjini hujulikana kama Mama Ursula, na akamwalika kijana Nickson, aliyeiuza swichi hiyo katika duka lake karibu na stendi. Kikao kilifunguliwa kwa dua fupi na utangulizi mrefu.

"Kifaa hiki kinaitwa erevu," alianza Mwenyekiti. "Kina cheti?"

"Kina waranti, mzee," alijibu Nickson.

"Waranti ni cheti cha anayetarajiwa kuharibika. Mama Ursula, andika: sifa za kitaaluma zinaendelea kufuatiliwa. Je, kina kelele?"

"Hakina. Hakina feni ndani. Kimya kabisa, saa zote."

"Hakijibu?"

"Hakijibu, mzee."

"Alama zote za nidhamu. Na simu ikiganda?"

Nickson alichangamka, maana hapo ndipo wateja wengi hulainika. "Hapo sasa, Sheikh wangu! Simu ikiganda, swichi inaizima na kuiwasha yenyewe, bila kutumwa na mtu."

Bwana Abdulsalam alikunja uso. "Bila kutumwa? Punguza alama. Mtumishi asiyengoja kutumwa huleta mazoea."

Nickson alichomeka simu moja. Taa ya kijani ikawaka. "Mmeona? Haitoi umeme kiholela. Kwanza inaiuliza simu: wewe ni nani, na unahitaji wati ngapi? Ikijibiwa, inatoa. Isipojibiwa, haitoi hata tone."

"Inamuuliza hata Kaimu?"

"Inaiuliza simu yake, mzee, siyo yeye."

"Simu ya Kaimu ni Kaimu. Endelea."

"Umeme wote iliyo nao ni wati mia na ishirini. Tundu moja unaweza kulipatia mpaka thelathini. Lakini simu hizi kila moja inakula wati nne tu. Mkiacha igawe kwa matumizi, ofisi nzima inashiba na chakula kinabaki."

"Simu yangu inakula nne?"

"Nne."

"Na ya mlinzi getini?"

"Nne hizo hizo. Simu zinafanana."

Chumba kikawa kimya kuliko swichi. Mama Ursula aliinamisha kichwa, akachunguza kucha zake kwa bidii kubwa. Bwana Abdulsalam alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akasema kwa upole wa mtu anayemsamehe mtoto, "Kijana, Mwenyezi Mungu ameumba vidole visilingane. Upo mwongozo kutoka Dodoma, umetiwa saini na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe: rasilimali za ofisi zigawanywe kwa kuzingatia ngazi. Kifaa chako kinaweza kuzingatia ngazi?"

"Kinaweza kutenga," alikiri Nickson. "Ukikiambia tundu fulani litengewe wati thelathini, hakimpi mwingine hata kama mwenyewe hazitumii. Lakini ukitenga thelathini thelathini, mzee, umeme unaishia tundu la nne. Waliobaki wanakaa giza."

"Hawatakaa giza. Watakaa katika kipindi cha mpito."

"Au mnunue swichi ya pili. Ninayo dukani, bei tutaongea."

"Hiyo nayo itafanyiwa tathmini."

Basi mgao ukafanyika. Tundu la kwanza, wati thelathini, lilitengewa Mgeni Rasmi. Simu yake iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha satini, ingawa hapakuwa na aliyejua mgeni huyo angempigia nani. La pili lilikuwa la Kaimu Mkuu. La tatu la Mwenyekiti wa Kamati ya Tathmini. La nne la Mratibu Daraja la Kwanza, ambayo ndiyo ajira ya kudumu aliyoiacha Bwana Abdulsalam alipoanza kukaimu na ambayo hakuna aliyewahi kuijaza. Viongozi hao watatu walikuwa mtu mmoja, na kwa hiyo walikubaliana bila mjadala. Simu zao tatu zilipangwa mezani pake kama vikombe vya harusi. Matundu ya tano hadi ya nane, na la nane ndilo la getini, yakapata waya bila umeme.

Asubuhi iliyofuata Mama Ursula alibisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una miadi?"

"Mzee, mimi na wewe tumetenganishwa na pazia."

"Pazia nalo lina utaratibu wake, Mama Ursula. Panga miadi."

"Nilitaka kusema tu kwamba simu yangu imezima, na ile ya..."

"Miadi," alisema Bwana Abdulsalam, na pazia likashuka.

Msomaji asidhani kwamba simu ya getini ilikuwa pambo. Mwongozo ule ule wa Dodoma ulikuwa umebandikwa kwenye nguzo ya geti, maandishi yake makubwa na saini yake kubwa zaidi: mgeni yeyote, wa cheo chochote, haingii mpaka mlinzi apige simu ndani, na Mkuu au Kaimu wake atamke kwa kinywa chake neno Ruksa. Mlinzi asiondoke getini. Salamu za mdomo hazitambuliki. Kutoka, kwa rehema, hakukuhitaji ruksa ya mtu.

Siku ya uzinduzi ikawadia. Hema lilisimikwa, kwaya ikatoka Bonga na spika zake, na wageni waalikwa wakaambiwa wazime simu zao za mkononi kwa heshima ya simu ya mezani. Bwana Abdulsalam alivaa kanzu ambayo Bi Siti aliinyoosha mara mbili. Mfukoni alikuwa na ubeti alioutunga mwenyewe kwa mizani kamili, maana alilelewa katika chuo ambacho mtoto aliyekosa kina alikosa pia uji. Mgeni alipochelewa, aliona si vibaya kuujaribu mbele ya kiti kitupu:

*Karibu mgeni wetu, lango liko wazi kwako,*
*Fungu la kwanza la kwetu, tumeliweka ni lako,*
*Hatumpi kamwe mtu, hata wati moja yako,*
*Umeme na nyoyo zetu, vyangoja ujio wako.*

Makofi yakapigwa. Kiti hakikujibu. Kwa mbali, nyuma ya sauti za kwaya, ilisikika honi ndefu, kisha nyingine.

"Lori la mbaazi hilo," alisema Bwana Abdulsalam. "Watu wa Babati hawana ustaarabu wa honi. Kwaya, ongezeni sauti."

Kwaya ikaongeza. Jua likapanda juu ya mlima Kwaraa, kisha likasimama utosini, na adhana ya adhuhuri ikapenya katikati ya spika. Hapo Bwana Abdulsalam hakuwa na mjadala, kwani swala haina kaimu. Alitwaa kofia yake akaelekea msikitini, ng'ambo ya barabara, na Nickson akamfuata nyuma akitafuta chai. Wakapita mlango mdogo wa geti, ukajifunga nyuma yao.

Juu ya kigoda cha mlinzi, chini ya jua, suti ikiwa nyekundu kwa vumbi la barabara ya Singe, aliketi Dakta Elibariki, Mkurugenzi Mkuu, akitafuna hindi la kuchoma. Dereva wake alikuwa amelala juu ya usukani. Wapita njia kadhaa walikuwa wamejikusanya kutazama jinsi mkubwa anavyotafuna.

"Mheshimiwa!" Bwana Abdulsalam alipaza sauti. "Umefika lini?"

"Wakati bado nina mate mdomoni," alisema Dakta Elibariki. "Tumepiga honi mpaka betri imechoka. Huyu mama amekataa kufungua."

Bi Mwanne, mlinzi, mjane wa Nangara mwenye rungu na subira, alisimama wima ndani, nyuma ya nondo za geti. "Shikamoo, mzee Kaimu. Simu haina umeme tangu juzi. Bila simu hakuna Ruksa. Imeandikwa pale, na aliyesaini ni huyu huyu baba. Nimemsomea, akasema anaikumbuka."

"Basi mimi ndiye Kaimu! Natamka: Ruksa!"

"Salamu za mdomo hazitambuliki, mzee. Na inatakiwa uwe ndani. Wewe uko nje."

Bwana Abdulsalam alitazama mlango mdogo uliofungwa nyuma yake. Ni kweli, alikuwa nje.

"Fungua niingie, basi."

"Mgeni yeyote," alisoma Bi Mwanne taratibu, kidole juu ya nguzo, "wa cheo chochote."

Mtu mmoja kati ya wapita njia akacheka, akajifanya anakohoa. Dakta Elibariki akaliweka hindi chini. "Umeme wa simu hii uko wapi? Ofisi si imeletewa swichi?"

"Umeme upo mwingi tu, Mheshimiwa," Nickson aliingilia. "Umetengwa."

"Ametengewa nani?"

"Wewe. Wati thelathini, kwenye meza yako ya satini."

Dakta Elibariki alimeza mate ambayo hakuwa nayo. Umeme ambao ungemfungulia geti ulikuwa umehifadhiwa ndani kwa heshima yake, na haukuguswa na mtu.

Nickson alitoa simu yake ya mkononi. "Swichi hii naweza kuiongoza hata kutoka hapa, inashika mtandao wa ofisi. Niondoe fungu moja tu, simu ya getini inaamka. Mzee Kaimu, niondoe lipi? La Mheshimiwa, au moja kati ya yale yako matatu?"

Zipo nyakati ambazo mja huonyeshwa mizani ya nafsi yake waziwazi. Bwana Abdulsalam angeweza kusema "langu". Neno lina silabi mbili, hata mtoto wa chuo hakosei mizani yake. Lakini aliuona ukaimu, akauona uenyekiti, akauona uratibu, akajiuliza lipi kati ya hayo liachwe, na kabla hajaamua ulimi ukatangulia.

"Ondoa la mgeni."



"Matatu?" aliuliza Dakta Elibariki.

"La ukaimu, la uenyekiti na la cheo changu cha kudumu, Mheshimiwa," alisema Bwana Abdulsalam, na kwa mazoea ya maisha yake yote akaongeza, "Itifaki imezingatiwa."

Nickson akabonyeza. Simu ya getini ikawaka kijani. Watu wakashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Bi Mwanne akanyanyua mkono wa simu, akapiga ofisi ya Kaimu, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaurudisha mahali pake.

"Inaita, haipokelewi. Kaimu hayupo ofisini." Akawatazama wote wawili kwa huruma ya kiserikali. "Njooni kesho."

"Mama!" Dakta Elibariki alisimama. "Hakuna mwingine yeyote mwenye simu humo?"

"Mhasibu yupo. Yake nayo labda imeamka."

"Piga! Nipe mimi!"

Simu ikapitishwa katikati ya nondo za geti, waya wake ukinyooka hadi mwisho. Upande wa pili ilisikika sauti ya mwanamke: "Ufuatiliaji wa Ufuatiliaji. Wewe ni nani, na unahitaji nini?"

"Mimi ni Mkurugenzi Mkuu, na nahitaji kivuli! Wewe nani?"

"Romana, mhasibu."

"Sikiliza, Romana. Kuanzia dakika hii wewe ndiye Mkuu wa ofisi hii. Si kaimu. Mkuu. Maandishi yatafuata. Sasa tamka lile neno."

Dakta Elibariki akamrudishia Bi Mwanne simu. Palikuwa na utulivu mfupi, kama wa swichi inapokitambua kifaa kabla ya kukipa umeme.

"Ruksa," alisema Mama Ursula.

Bi Mwanne akafungua geti kubwa lote. Dakta Elibariki akapita akijipangusa vumbi, dereva akafuata na gari, Nickson akajipenyeza nyuma ya gari akiitaja swichi ya pili. Kwaya, ilipomwona mgeni, ikaanza upya. Kisha geti likafungwa.

Bi Mwanne alikuwa bado ameishika simu sikioni. Alimtazama mzee wa kanzu nyeupe aliyesalia barabarani, kofia mkononi.

"Mkuu," aliuliza, "na huyu mzee mwingine?"

Sauti ilitoka ndani tulivu, kavu, isiyo na feni.

"Ana miadi?"