Mtu Mzito Anakuja Alhamisi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siamini masikio yangu. Mkuu wa kituo chetu cha ndege anastaafu! Ametangaza asubuhi tukiwa tunapima abiria, kwa sauti ya mtu anayesema chai imepoa. Nusura nimwandikie mama mmoja kilo za gunia la jirani yake.

Nyumba ya kampuni inabaki wazi. Vyumba vitatu. Bati lisilovuja. Bomba la maji ndani! Mkuu mpya ndiye atakayehamia. Mimi ndiye karani wa abiria, miaka yote hii nimewapima watu na mizigo yao, nani anastahili zaidi yangu? Mimi na mke wangu tunakaa chumba kimoja kwa kaka yake, ambaye ni mtu wa redio hapa hapa kituoni. Ukikohoa, anakupa pole kutoka upande wa pili wa ukuta. Mke wangu amechoka. Juzi aliniambia anatamani siku moja apike bila kuomba sufuria.

Jioni shemeji kasema na yeye anaitaka nafasi hiyo. Mtu ana nyumba yake!

Jumanne, tarehe 4

Bahati imeniangukia mapajani. Shemeji alitoka kwenda kunywa chai, redio ikaita, nikapokea mimi. Makao makuu hao, sauti inakwaruza. Wakasema Alhamisi kuna mtu mzito anakuja, Ijumaa anarudi, tumpange vizuri. Kisha kwaa, kwaa, ikakatika.

Mtu mzito! Kampuni yenyewe ina ndege moja ya viti kumi na viwili. Mtu mzito ni nani kama si mkurugenzi mpya, ambaye hatujamwona hata picha? Anakuja kuchagua mkuu wa kituo, hilo liko wazi. Shemeji aliporudi akauliza kama redio imeita. Nikamwambia ni upepo wa milimani.

Jumatano, tarehe 5

Maandalizi kimyakimya. Nimepaka chokaa mawe ya ukingoni mwa uwanja. Nimefukuza mbuzi. Nimeazima pazia jekundu la sebuleni, la shemeji, bila kumsumbua kwa maswali. Nitalitandika pale mgeni atakaposhukia.

Mke wangu akataka kujua ninapanga nini. Nikamwambia aanze kufunga vyombo. Alinitazama sana, kisha akaanza kufunga, maskini, huku anaimba.

Alhamisi, tarehe 6

Makubwa haya! Ndege imetua kabla mawingu hayajaziba bonde. Mlango ukafunguka, mimi huyo nimesimama na maua. Akatokea bwana mmoja aliyekuwa mnene kuliko mlango. Alitoka ubavuubavu. Alipokanyaga chini, ndege nayo iliinuka kidogo. Unene ule, na tai shingoni! Nikainama. Nikamkaribisha katika kituo chake. Akafurahi mno, akasema hajawahi kupokelewa hivi popote, naye amekuja tu kumwona mjukuu. Wakubwa bwana, wanajua kujificha.

Nyuma yake akashuka mwanamke mdogo, mkavu, raba miguuni. Maswali sasa! Mizani hii ilikaguliwa lini, mbuzi hawa ni wa nani. Tena akalikanyaga pazia. Nikamwomba asimame pembeni, tuna mgeni. Shemeji, kwa kukosa la kufanya, akamchemshia chai na kumbebea mkoba hadi nyumba ya wageni. Nilicheka moyoni. Kila mtu na saizi yake.

Ndege ilipowasha injini ili iondoke, pazia likapaa. Sasa linaning'inia kwenye nguzo ya kile kifuko cha kuonyesha upepo. Shemeji akalitazama, akanitazama mimi. Mtazamo huo sikuupenda.

Ijumaa, tarehe 7



Asubuhi wageni walikuwa wanarudi. Nikawapima. Bwana mkubwa peke yake alikula nafasi ya watu wawili, uzito ukapita. Lazima mmoja abaki. Nikamwacha yule mama wa raba. Shemeji akaninong'oneza nifikiri tena. Nikamwambia kazi yake ni redio. Bwana mkubwa nikamkalisha mbele kabisa, ubavuni mwa rubani. Rubani akageuka, macho yakamtoka.

"Nani kamweka huyu hapa?" akasema. "Si mliambiwa kwenye redio anakuja mtu mzito, mumpange katikati, usawa wa mabawa? Unataka ndege ikachimbe viazi kwa pua?"

Mzito. Mzito wa kilo! Nilitamani ardhi inimeze.

Wakamhamisha, ndege ikaondoka, mawingu yakaziba. Hakuna ndege nyingine hadi Jumatatu. Mchana redio ikaita. Shemeji alipokea, akasikiliza, akaja kwangu polepole, anafurahia kila hatua.

"Shemeji," akasema, "wanauliza kama mkurugenzi mpya amesafiri salama. Ni mwanamke mdogo hivi. Amevaa raba."

Nikakaa. Kiti hakikuwepo, lakini nilikaa.

Jumapili, tarehe 9

Chumba chake cha nyumba ya wageni kilishapewa mtu mwingine, kwa hiyo mkurugenzi analala chumbani kwetu. Mimi na mke wangu tuko sebuleni. Dirisha halina pazia. Wapita njia wanatusalimu tungali tumelala.

Leo ametoa uamuzi. Mkuu wa kituo ni shemeji! Eti anajali abiria. Kikombe kimoja cha chai! Ila sharti kesho akasaini mbele ya bodi. Asipotokea, nafasi inakwenda kwa mtu wa kituo cha ng'ambo ya mlima.

Nilikuwa bado nasaga meno likaja la pili. Shemeji kasema akihamia nyumba ya kampuni, hii anamwachia dada yake. Yote, pamoja na masufuria. Mke wangu akalia. Mimi pia machozi yalinilenga, sifichi. Nimemwapia kwamba nimebadilika.

Jumatatu, tarehe 10

Nimejifunza. Mtu mzito hajulikani kwa mwili! Leo nilikuwa macho tangu alfajiri.

Mkurugenzi nilimpandisha wa kwanza kabisa, kwa heshima zote. Ikabaki nafasi moja. Shemeji alikuwa amesimama na suti yake, anasubiri, kwani kwetu mfanyakazi hupanda kiti kikibaki. Mara akaja bibi mmoja. Mdogo. Mkavu. Raba miguuni! Kuku kwapani, gunia la viazi nyuma. Akaitazama mizani yangu akauliza kama kweli ni nzima.

Moyo ulinilipuka. Maswali yale yale! Huyo ni nani kama si mwenyekiti wa bodi? Kiti nikampa yeye. Gunia sikuthubutu kuligusa, huenda ndani mna mambo ya ofisi. Uzito ukatimia. Shemeji alipiga kelele sana, lakini injini ilikuwa imeshawaka. Bibi nilimpungia mkono hadi ndege ikaingia mawinguni. Jina sikumuuliza. Wakubwa hawaulizwi majina.

Mchana redio imeleta habari. Mtu wa ng'ambo ya mlima amekwisha kusaini, anahamia nyumba ya kampuni Jumatano na watoto wake sita. Shemeji habanduki kwake, na kwake ndiko kwetu. Ameingia chumbani akafunga mlango.

Mke wangu anafungua vyombo, kimoja kimoja, anavirudisha kwenye kona yetu. Nimemweleza mpango wote mara mbili. Hata kunitazama hanitazami. Ni mshtuko tu huo. Utamwisha bibi akishanitaja kwenye bodi.