Watu Wanne na Miguu Yangu Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Zimebaki siku tano nimwingize binti yangu ukumbini kwenye harusi yake. Shemeji, kaka wa mke wangu, anatangaza kwamba miguu yangu ikigoma yeye yupo. Ameshajishonea na suti. Ni kweli, ugonjwa wa Parkinson umenipa mikono ya kutetemeka na miguu inayoganda mlangoni kama imemwagiwa saruji. Akili iko palepale. Mpango: naruka dawa za wiki hii, nazimeza zote Jumamosi. Nitatembea kama askari wa gwaride.

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Daktari nimemwambia dawa nameza kwa saa. Mtaalamu wa mazoezi nimemwambia daktari kanikataza kuinama. Mwalimu wa sauti, yule wa kunipigisha "aaa" ndefu ugonjwa usinifishe sauti, nimemwambia nina mafua. Nesi nimemwambia nafanya yote. Nimetoka napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeganda mlangoni mwa bafu dakika ishirini, taulo kiunoni. Mke wangu akauliza nangoja nini. Nikasema nawaza. Akaenda kuhesabu vidonge. Akapiga simu kliniki.

Alhamisi, 6 Machi
Meza moja, wote wanne. Kumbe kila Alhamisi hukaa pamoja kusoma faili langu! Daktari akasoma kwa utulivu jinsi alivyonikataza kuinama. Hakuna aliyenifokea, na hilo ndilo lililouma. Vidonge vya wiki nzima kwa mkupuo, akasema, vingenilaza hospitali siku ya harusi. Nesi akauliza hasa nataka nini. Nikanong'ona: "Nataka binti yangu anishike mkono mimi, si mjomba wake." Mwalimu wa sauti akataka niseme kwa nguvu. Walisikia hadi koridoni. Daktari akapanga upya saa za dawa. Wa mazoezi akabandika utepe sakafuni, niuvuke nikihesabu ili miguu isigande; jioni binti akanibandikia mwingine nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi
Mlangoni mwa ukumbi nikaganda. Watu wote macho kwangu. Shemeji akainuka nusu. Binti akaninong'oneza: "Baba, vuka utepe." Utepe haukuwepo. Nikavuka. Moja, mbili, moja, mbili, hadi mbele. Shemeji akakaa. Nimecheza nyimbo tatu.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari, kosa nimeliona. Kila mmoja nilimpa uongo wake. Kuanzia sasa wote wanne watapata uongo mmoja, uleule. Nimeshauandika. Mke wangu nimemwomba anisaidie kuukariri.