Kamshafti Isiyojua Polepole

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Datsun limefunguliwa! Injini iko vipande vipande mezani kwa fundi Maige, mtaa wa Mirongo. Valvu zimeungua, springi zimelegea. Maige anashauri tusage valvu, tuweke springi mpya za kawaida, kamshafti ibaki ileile. Eti nitafika Magu bila wasiwasi. Nani kasema nataka kufika tu? Nataka kufika kabla ya Pius!

Pius ni karani wa pamba. Ana baiskeli na meno mazuri. Nane Nane anatuma mshenga na barua ya posa kwa Mzee Shimba wa Magu, baba yake Wilhelmina. Wilhelmina wangu! Na mzee hupokea wageni sikukuu tu.

Jumatano, 3 Agosti

Bahati hiyo! Kwenye spea za mtumba zilizoshushwa juzi kutoka Dubai nimepata kamshafti ya mashindano. Muuzaji kaapa imetoka kwenye gari la rali. Inafungua valvu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu, injini inakunywa hewa kama ng'ombe mtoni. Miaka ile ya uhaba duka zima lilikuwa na fenibelti moja, tena ya trekta. Soko huria oyee!

Maige kakunja uso. Kamshafti kali, kasema, lazima iende na springi ngumu, la sivyo valvu zitagonga pistoni. Nikasema weka zote. Akasema kitu hiki huamka kwenye kasi tu, ukiachia mafuta injini inazima. Tena klachi yangu imechoka, haiachii gia, gari halisimami mpaka injini izime, afadhali ninunue klachi. Nikamwuliza nani aliwahi kushinda mbio kwa klachi. Akarudi kwenye spana zake. Nimefurahi mchana kutwa.

Valvu kubwa zaidi amekataa katakata. Mwoga.

Jumamosi, 6 Agosti

Inaunguruma! Mirongo nzima imetoka nje. Kichujio cha hewa nimekitupa, kinabana pumzi. Kweli, nikiachia mafuta inazima, na betri ni mgonjwa, kwa hiyo ikizima ni kusukuma. Dawa ni rahisi: nisiachie mafuta.

Shangazi Prudencia, mshenga wangu, amekuja kuliona gari. Anasema posa hupelekwa kwa unyenyekevu. Nimemwambia unyenyekevu aufanye yeye, mwendo niachiwe mimi.

Jumatatu, 8 Agosti, Nane Nane

Mshenga wa Pius tulimpita njiani, Igoma, kavaa tai, yuko juu ya baiskeli ya Pius. Nilipiga honi mara saba! Shangazi alishika rozari kwa mkono mmoja, mlango kwa mwingine. Magu kwa dakika arobaini na moja!

Halafu nyumba ya mzee hii hapa. Nikapunguza mafuta, injini ikakohoa, ikataka kufa. Mshenga ashuke kusukuma gari mbele ya wakwe? Aibu gani hiyo! Nikakanyaga. Tukaizunguka nyumba. Mzee Shimba alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Kila nikipita natoa shikamoo. Mara ya kwanza aliitikia marahaba. Ya pili aliitikia nusu. Ya tatu alikimbia.

Mzunguko wa nne shangazi akarusha barua dirishani. Wa tano nikapita juu ya pamba iliyoanikwa uani. Injini ikavuta pamba, ikazima katikati ya mavuno. Wilhelmina alikuwa dirishani akicheka hadi machozi. Mshenga wa Pius alifika alasiri, akashuka, akavua kofia, akapewa kiti. Mimi na shangazi tulikuwa bado tunaokota pamba. Sijawahi kuaibika namna ile.

Jumatano, 10 Agosti

Barua ya Wilhelmina! Hamtaki Pius! Amemlilia baba yake, na mzee amelegea kidogo: posa ipelekwe upya Jumamosi kwa baba yake mkubwa, Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Nikiharibu na huko, ataozwa kwa Pius. Ananisihi niliache gari nyumbani, nivuke na shangazi kwa miguu, tuingie polepole. Neno polepole kalipigia mstari mara mbili.

Nimelia kwa furaha. Ananipenda!

Nimekaa nikatafakari, kosa nimeliona. Ni valvu ndogo. Maige kagoma, lakini nimepata fundi mwingine, kesho anachonga silinda hedi aweke kubwa. Kupanda kivukoni polepole siwezi, kwa hiyo nitapanda kwa kasi. Leo nimekwenda kukikagua kivuko. Kina mlango mbele na mlango nyuma, na yote miwili ilikuwa wazi. Safi kabisa! Hakuna cha kunizuia.