Kilo Nne Nilizobebeshwa na Lifti

Kwa Meneja wa Jengo,
Ghorofa ya tisa.

Kuhusu: Kilo nne ambazo si zangu

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi. Mimi ni yule msafisha madirisha anayening'inia nje ya ofisi yako kila Jumanne, yule wanayemwita Buibui. Jumanne hii tena usiponiona, usidhani naumwa. Nimeondolewa kwenye kamba. Niko huku chini stoo nakunja matambara, na roho inaniuma kwelikweli.

Chanzo ni mizani. Kanuni inasema anayepanda jukwaa la kamba asizidi kilo tisini. Muuguzi wetu hutupimia ndani ya lifti, kwa kuwa chumba chake kina sakafu iliyobonyea na hakina hata mlango. Alinisimamisha juu ya mizani, nikageuzia uso ukutani, mlango ukajifunga, kitu kikanguruma, sakafu ikatetemeka, naye akaandika tisini na nne. Mlango ulipofunguka nilikuwa sina tena kazi yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipimwa lifti ikiwa ndiyo kwanza inaondoka. Mpwa wangu, mwalimu wa fizikia, amenichorea kwenye mfuko wa mkate. Lifti inapoanza kupanda, sakafu hulazimika kukusukuma zaidi ya uzito wako ili uondoke nayo, na mizani husoma msukumo huo. Kwa hiyo tisini ni zangu, nne ni za lifti. Naomba izichukue.

2. Lifti ikishashika mwendo mmoja, mizani hurudi kwenye uzito wako halisi. Muuguzi hakusubiri. Aliandika harakaharaka kama mtu anayefukuzwa.

3. Mwenzangu aliyepewa kamba yangu alipimwa siku hiyohiyo akapata themanini na sita. Ndugu Meneja, mtu huyu niliwahi kuazima mkanda wake ukanipwaya. Ni wazi alipimwa lifti ikianza kushuka, wakati sakafu inakukimbia miguuni na kila mtu anakuwa mwepesi. Huu ni upendeleo. Kushuka hata mimi najua.

4. Kwa ajili ya kilo hizo za lifti, mke wangu ananilisha kabichi ya kuchemsha, leo siku ya kumi na moja. Watoto wamenionea huruma, wananifichia mkate chini ya mto. Nalazimika kuula nikiwa nimelala, jambo ambalo si zuri kwa tumbo.

5. Mpwa wangu anasema kamba ya lifti ikikatika, waliomo ndani wote mizani itawasomea sifuri. Kwa heshima na taadhima, naomba ikatwe siku nitakayopimwa tena. Sina tamaa ya sifuri yote. Themanini na tisa zitanitosha. Muuguzi akiona hawezi kuwemo, aniachie kalamu nitaandika mwenyewe.

Miaka kumi na miwili nimeosha vioo vya jengo hili. Fundi cherehani wa ghorofa ya saba huniinulia kikombe chake cha chai kila nikipita dirishani kwake. Wiki iliyopita alimwinulia huyo mwenye mkanda. Nilipoambiwa, nililia juu ya matambara, nikalazimika kuyakunja upya.

Nisalimie katibu wako, walinzi wote wa getini, fundi cherehani, na hata muuguzi, ingawa yeye salamu yake iwe fupi.

Wako mtiifu, wa kilo tisini kamili,
Buibui

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika niliingia kwenye lifti nikuletee barua mwenyewe. Nikabonyeza tisa. Ikanguruma, ikatetemeka, mlango ukafunguka, nikajikuta palepale stoo. Nikarudia mara tatu. Fundi wa lifti akaniambia haijapanda wala kushuka tangu mwaka jana walipoing'oa mota. Kilichobaki ni taa, mlango na feni, na hiyo feni ndiyo inayonguruma na kutetemesha sakafu. Mimi nimezoea kupanda kwa kamba, ningejuaje? Nilidhani wenzangu wanatumia ngazi kwa ajili ya mazoezi. Basi kilo nne ni zangu, themanini na sita ni za mwenye mkanda kweli, na kamba ya lifti usiikate. Barua nimeileta kwa miguu, ghorofa zote tisa, na huo unyevu kwenye karatasi ni jasho. Nimekaa hapa nje ya mlango wako. Tafadhali mwite muuguzi aje na mizani upesi, kabla sijanywa maji.