Kufuli Nne na Swali Moja

Kila asubuhi Komeo alifungua duka lake kwa utaratibu uleule: kufuli ya juu, ya chini, ya kati, kisha ile ndogo ya pembeni ambayo hata mwizi mzoefu asingejua kama ipo. Akishapanga vitasa vyake mezani, aliurudishia mlango kufuli moja, akavuka barabara hadi kwenye benchi la Mama Birika, akanywa kikombe cha kwanza cha kahawa huku macho yakiwa mlangoni.

Asubuhi hiyo Gazeti, karani mstaafu aliyewasomea watu habari hata wasipomwomba, alikuwa amefika ukurasa wa tatu. Wadukuzi wameingia kwenye kompyuta za kampuni moja kubwa ya mizigo, wakachota majina ya wateja wote.

"Hao walilala," Komeo alisema. "Mimi miaka thelathini sijaibiwa hata msumari."

Mwisho wa benchi, Brashi, mchora vibao, alikohoa kidogo. "Mama Birika, mwambie huyo mwenye kufuli kwamba kompyuta haiibi misumari."

"Mama Birika, mwambie huyo asiyejua R na L anywe kahawa yake."

Mama Birika hakumwambia yeyote kitu. Miezi saba sasa alikuwa posta ya wanaume wawili waliokaa benchi moja, na stempu zilikuwa zimemwishia.

Chanzo kilikuwa juu ya mlango wa duka, kila mtu akikiona. Brashi alikuwa amemchorea Komeo kibao kipya, herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, kazi ya kujivunia, ila kiliandikwa KUFURI ZA KILA AINA. Komeo akasema mbele ya wateja kwamba mtu asiyejua kuandika apake kuta tu. Baadaye akabandika kikaratasi chenye L juu ya ile R. Kila mvua iliponyesha, R ilirudi.

Simu ya Komeo ikaita. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wake wa siku nyingi, akiuliza kama picha ya ufunguo wa stoo aitume pande zote mbili au upande mmoja unatosha.

"Picha ya nini, mwalimu?"

Mwalimu akashangaa. Si tovuti ya duka inasema wateja watume picha za funguo zao na anwani, wakaguliwe usalama bure?

Kikombe cha Komeo kikabaki hewani. Alimwomba mwalimu asitume chochote, kisha akampigia binti wa dada yake, aliyemtengenezea tovuti hiyo na ambaye ofisi yake ya kompyuta ilikuwa nyumba ya tatu. Alifika na kompyuta kwapani, akaifungua juu ya magoti, akauliza taratibu kama mjomba wake alijibu ujumbe wowote wa ajabu.

Komeo alieleza kwa sauti ya chini. Wiki iliyopita ililetwa barua pepe kwamba tovuti itafungwa jioni asipothibitisha neno lake la siri. Akathibitisha.

"Na neno lenyewe lilikuwa nini, Mjomba?"

"Kufuli."

"Kufuli na nini?"

"Kufuli tu."

Gazeti alijifunika uso kwa ukurasa wa michezo, mabega yakimtikisika. Brashi akasema polepole, "Mama Birika, muulize kama aliandika kwa R au kwa L."

Komeo hakucheka. Picha ikipigwa vizuri, yeye mwenyewe angechonga ufunguo wake kabla kahawa haijapoa, na aliyeijua kazi hiyo hakuwa peke yake duniani. Mtu akiingiliwa nyumbani mwake, mkono utakuwa wa mwizi, lakini jina litakuwa la Komeo.

Binti alisema wezi wamebadilisha neno la siri, barua pepe na namba ya simu. Kampuni inayohifadhi tovuti inataka fomu na siku tatu. Umebaki mlango mmoja, lile swali la siri alilojiwekea Mjomba mwenyewe. Akakigeuza kioo, wote wakachungulia: *Rafiki yako wa dhati ni nani?* Majaribio matatu.

Komeo alilikumbuka jibu palepale. Aliliandika mwaka juzi, mkewe alipopasuliwa, akamuuguza hospitalini siku kumi na moja huku Brashi akimfungulia duka kila asubuhi, kufuli zote nne, na kuchonga funguo kumi na saba ambazo hakuna hata mmoja uliofungua kitu.

"Sikumbuki," alisema.

Gazeti alikunja gazeti lake. Swali gani hilo? Nani amemsomea habari miaka tisa bure? Likaandikwa Gazeti. Kosa. Mama Birika akasema alijua tu, kwa kuwa mtu anayejua sukari ya mwenzake bila kuuliza ndiye rafiki. Komeo, aibu ikimchoma masikioni, akaacha liandikwe na hilo. Kosa. Mama Birika akaondoa kijiko kikombeni mwa Komeo.

"Limebaki moja," binti alisema. "Tukikosea, wanafunga mwezi mzima, na ukurasa unabaki hivyohivyo."

Simu ikaita tena. Alikuwa muuguzi mmoja anayeishi peke yake na watoto wake. Alitaka kushukuru tu. Picha ameshatuma tangu jana.

Komeo alimwambia asitoke nyumbani, anakuja kumbadilishia kitasa. Akakata simu, akaiweka gotini.

"Nakumbuka," alisema. "Nimekumbuka tangu mwanzo. Ni Burashi."

Binti aliinua vidole, akavishusha. "Kwa U, Mjomba, au bila U?"

Komeo alichungulia kioo cha kompyuta. Aliyenuna miezi saba kwa ajili ya herufi moja, sasa herufi moja ilimshinda. Akageuka mwisho wa benchi.

"Jina lako linaandikwaje?"

Mama Birika alisimama, kisha akaketi, hakuna aliyemtuma.

"Sanduku langu la rangi limeandikwa Brashi," Brashi alijibu. "Mwaka wa ishirini na mbili huu." Binti akaanza kubonyeza. "Ngoja, mwanangu. Weka U. Yeye huniandika Burashi. Kila bahasha, kila kikaratasi. Sijawahi kumsahihisha."

Mlango ukafunguka. Binti aliufuta ule ukurasa, akabandika onyo kwa wateja, akatoa orodha ya waliotuma picha: watu watano. Kisha akasema jibu la swali libadilishwe sasa hivi, maana siri inayojulikana na benchi hili ni tangazo. Gazeti akapendekeza jina lake.

Komeo alikwenda dukani, akarudi na vitasa vitano vipya mfukoni. Brashi alikuwa tayari amesimama na mfuko wa bisibisi begani. Wakavuka barabara, Komeo akasimama chini ya kibao, akakitazama.

"Siku ile ulipokitundika nilitoka nje kukwambia kitu kuhusu zile siku kumi na moja," alisema. "Nikaiona R, nikasema R. Nilichotaka kusema ni asante."